Mbwa-mwitu Kumi na Wanne, Wote Wameonekana

Ninayo heshima ya kuutangazia umma kwamba mji wa Kalemie una mbwa-mwitu kumi na wanne. Hakuna mji mwingine katika jimbo letu wenye hata mmoja. Manono haina, Ankoro haina, na yule wa Moba anayesifiwa ni fisi. Mafanikio haya yalipatikana kwa miaka mitatu, bila kelele, bila daktari wa mifugo, na kwa muda mrefu bila wanyama kumi na wawili kati ya hao kumi na wanne.

Mimi ni Clémence, mkuu wa biro ya barua na kumbukumbu katika Kurugenzi ya Bustani ya Wanyama. Hakuna karatasi ya Kurugenzi ambayo haikupita kwenye mashine yangu ya kupiga chapa. Nimesomea diploma moja na kuzaa watoto sita, na vyote viwili vimenifundisha kuuliza nani amekula kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Mbwa-mwitu wawili wa kwanza walikuja kama zawadi. Tulikuwa tumeuandikia mji rafiki wa Ulaya kuomba gari la zimamoto. Baada ya miezi minane walijibu kwa barua nzuri sana na masanduku mawili, yaliyoshushwa bandarini kutoka Kigoma. Ndani walikuwamo wanyama wa kijivu, jike na dume, wenye manyoya ya kutosha godoro, wakihema kwa joto. Mkurugenzi wetu, Papa Valère, alisoma hotuba. Alisema Serikali itawalinda kwa nguvu zake zote, na kwamba gari la zimamoto linaweza kungoja kwa sababu kwa sasa hakuna kinachowaka.

Aliyekabidhiwa kuwalinda kwa mikono alikuwa Papa Germain, mzee mmoja mwembamba aliyestaafu kutoka reli. Yeye ndiye aliyewapa majina. Jike alimwita Pepa, kwa sababu Pepa kule juu Marungu kuna baridi, na alitaka mnyama awe na jina la mahali ambapo angependa kuwa. Dume alimwita Bendera, kama mahali ulipo mtambo wetu wa umeme, kwa sababu macho yake huwaka hata siku ambazo mji mzima uko gizani.

Hakuna aliyemfundisha Germain kazi. Alijifunza kwa kuangalia. Aliona kwamba wanatembea alfajiri na kulala mchana, akahamisha saa za ufagio wake. Aliona joto linawachosha, akawaezekea kivuli cha nyasi na kumwaga maji ya ziwa juu ya saruji kila adhuhuri. Aliona pia kwamba treni ya mizigo ikipiga honi stesheni, Bendera anainua pua na kuijibu. Siku hizo Germain mwenyewe husimama wima karibu naye, kofia mkononi.

Upande wa utawala nao haukulala. Kanuni ya Ulinzi wa Mbwa-mwitu ilikuwa na vifungu kumi na kimoja. Kifungu cha nne kilisema kila mbwa-mwitu ana haki ya kilo tatu za nyama kwa siku. Kifungu cha tisa kilisema nyama hiyo itapelekwa nyumbani kwa Mkurugenzi mpaka siku ambayo idadi ya wanyama itahakikishwa kwa macho na Inspekta wa Jimbo. Kuanzia siku hiyo itashushwa mlangoni mwa boma, na mlinzi ataipokea kwa saini yake. Kifungu cha kumi na moja kilisema mnyama aliyehakikishwa hatoki getini bila agizo kutoka Kinshasa. Papa Valère alisaini kanuni hii mara baada ya kufika kwenye kifungu cha nne. Mtu pekee aliyeisoma mpaka mwisho ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeipiga chapa.

Miezi mitatu ikapita. Papa Valère akaja biro na rasimu ya ripoti.

"Mama Clémence, andika: wamezaa."

"Nani amezaa, Papa Direkta?"

"Mbwa-mwitu. Wawili."

"Papa Germain hakuniambia."

"Germain iko kwa boma. Mimi niko kwa biro. Habari ya utawala inaanzia huku."

Niliandika. Robo mwaka iliyofuata wakazaliwa wengine wawili, kisha mmoja, kisha watatu. Kuzaa kwa ripoti kuna faida nyingi. Watoto hawahitaji chanjo, hawamng'ati mtu, hawachimbi sakafu, na wanakula kilo tatu tangu siku ya kwanza. Walipofika kumi na wanne, kilo arobaini na mbili zilikuwa zinashuka kila asubuhi nyumbani kwa Mkurugenzi, nyama ya ng'ombe wa Marungu, yenye mafuta.

Kwa kuwa huwezi kumpa mnyama anayelindwa chakula usichokijua, iliundwa Kamati ya Kuonja. Ilikuwa na Papa Valère na wakuu wa huduma wanne. Walionja kwa kitunguu, nyanya na pilipili, pamoja na bukari, ugali wetu, na kwa sababu kipande kidogo hakionyeshi ukweli wa nyama nzima, walionja nyama nzima. Mbwa wao wa nyumbani walionja mara ya pili. Baada ya hapo ndoo moja ya mifupa na kwato ilipelekwa bomani, ikiwa na muhuri: imekaguliwa.

Mjumbe wa mwisho katika kamati alikuwa Papa Aristide, mkuu wa huduma ya mipango. Yeye alikuwa akipewa shingo. Alisaini kila ripoti ya uzazi kama shahidi, na kila mara akitazama paja lililoko kwenye sahani ya Mkurugenzi.

Mimi pia Krismasi moja nililetewa paja. Tulikula, mimi na watoto. Sisemi uongo kwenye mambo ya chakula. Baada ya sikukuu nilikwenda bomani kupeleka barua, nikaona mbavu za Bendera. Ningeweza kuzihesabu tangu getini. Paja la pili nililirudisha na barua ya kulisindikiza. Sababu niliyoandika: sina friji.

Basi, mwaka wa tatu, asubuhi moja Papa Germain aliingia biro yangu na kusimama.

"Mama Chef, Pepa iko na mimba."

"Una hakika?"

"Mke wangu alizaa saba. Hii tembea naijua."

"Kaa."

Hakukaa. "Bendera hakuli tena. Mifupa yote anamuachia mwenzake. Anasimama pembeni, anamuangalia mpaka anamaliza, njo anakuja kulamba pale chini."

"Na wewe unawapa nini?"

"Ndagala, samaki ndogo za ziwa. Za kwangu mwenyewe. Mke wangu ameanza kuuliza ndagala zinaenda wapi."

"Ulimjibu je?"

"Nilisema nimeongeza kula." Akajitazama, mifupa ya mabega ikisukuma shati. "Aliniangalia tu."

Nikamuuliza imebaki muda gani. Alisema wiki tano hivi. Alisema mama asiyekula anamalizia mwili wake mwenyewe kwanza, kisha watoto. "Bila nyama hawatafika, Mama Chef. Na yeye mwenyewe, sijui."

Nilipeleka jambo hilo kwa Mkurugenzi. Papa Valère aliweka kijiko chini.

"Mimba haiwezekani. Tuko kumi na wane tayari."

"Hii ni ya kweli, Papa Direkta."

"Njo maana nasema haiwezekani. Mwaka huu peke yake Pepa amezaa mara tatu. Ukiongeza na hii, kule Jimboni watasema tunazidisha."

"Hata kilo sita tu. Haki ya wale wawili."

"Nyama inafuata idadi, Mama Clémence. Mimba si idadi. Azae kwanza, tutaona."

Nikaandika pembeni ya faili: *Imeonekana. Azae kwanza.* Wiki hiyo hiyo Pepa alianza kukwaruza saruji akitafuta pa kuzalia, mpaka kucha zikatoka damu. Germain akaja na mtaimbo wa reli na kuvunja shimo kubwa katika sakafu ya Serikali, akajaza udongo laini. Hilo ni kosa la uharibifu. Nililiingiza kwenye faili kwa kichwa cha habari kinachostahili: *Ukarabati wa Sakafu kwa Njia ya Kuiondoa.*

Jumatatu iliyofuata radio ikasoma agizo la Gavana. Papa Valère aliitwa kwenye majukumu mengine, ambayo radio haikuyataja wala yeye hakuyajua. Mahali pake aliwekwa Papa Aristide. Makabidhiano yangekuwa Alhamisi, saa nne.

Lazima nieleze makabidhiano. Kwetu mkuu haachi kiti bila kukikabidhi. Kila kitu cha biro kinapitiwa kimoja kimoja mbele ya shahidi, anayeondoka anasema hiki hapa, anayeingia anasema nimepokea, na wote wanasaini. Hata kalamu iliyokufa inakabidhiwa, na inaandikwa: kalamu, moja, haiandiki. Kinachokosekana, anayeondoka anakijibia kwa mwendesha mashtaka. Na shahidi aliyetajwa kwenye agizo alikuwa Inspekta Élisée, mtu mfupi mwenye penseli yake na fimbo ya kugusia vitu. Mwaka jana aliyasimamisha makabidhiano ya shule nzima siku mbili kwa sababu orodha ilisema ngazi ina vipago tisa na yeye aliona vinane.

Papa Valère alikuja biro Jumanne, akafunga mlango.

"Mama Clémence, wafe."

"Nani, Papa Direkta?"

"Wale kumi na wawili. Andika homa."

"Mnyama anayelindwa akifa, kunatakiwa ngozi. Ngozi kumi na mbili."

"Basi wametoroka."

"Mbwa-mwitu kumi na wawili mjini, Papa? Kabla ya saa sita jeshi litakuwa mtaani Kataki, na waandishi wa radio watakuwa kwako sebuleni."

Akakaa. Jasho lilikuwa limemshuka mpaka kwenye kola. Mimi nilisema tu jambo ambalo mji mzima unalijua.

"Wakuu wa huduma wana mbwa wanene, Papa Direkta."

Akainua kichwa. "Wanafanana?"

"Wamekula nyama ya mbwa-mwitu miaka mitatu. Watafanana na kitu gani kingine?"

Alihesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe alikuwa na watatu, na wajumbe wengine watatu wa kamati walikuwa na watatu kila mmoja, kwa sababu mtu mwenye madaraka hafugi mbwa mmoja. Kumi na wawili kamili. Papa Aristide hakuambiwa. Papa Valère aliogopa kwamba akijua, ataenda mbio kwa mwendesha mashtaka.

"Ni kwa siku moja tu," alisema. "Alhamisi jioni kila mutu anachukua yake."

"Na mimi niandike nini?"

"Andika kama kawaida. Kufuata kanuni."

"Kanuni yote, Papa Direkta?"

"Yote, yote."

Nilimwomba aniandikie hivyo. Aliandika na kupiga muhuri, kwa sababu muhuri bado ulikuwa wake kwa siku mbili na alipenda kuutumia.

Jumatano mbwa walifika kwa magari mawili ya Serikali, wakiwa wameketi kwenye viti. Germain aliwapokea getini, kisha akaja kunitafuta.

"Mama Chef, hizi ni mbwa."

"Papa Germain, ulikaa reli miaka mingapi?"

"Makumi tatu."

"Behewa la mizigo likiandikwa kwenye karatasi kwamba ni la abiria, ulikuwa unafanya je?"

Akafikiri. "Nilikuwa nafungua mlango, nasema karibuni."

"Basi."

Aliweka sharti moja tu: hataki mbwa hata mmoja karibu na Pepa. Mama anayekaribia kuzaa hapendi wageni, alisema, na Bendera angewaua wote kabla ya saa sita. Akawaweka ng'ambo ya njia, kwenye boma la swala ambalo halijawahi kuona swala, na akatundika magunia kwenye wavu ili Pepa asiwaone. Nikawafunga shingoni vibati vyenye namba, tatu mpaka kumi na nne. Namba tatu alikuwa mbwa wa Papa Valère mwenyewe, mkubwa, rangi ya majivu, anayeitwa Kapita. Alininyooshea shingo kama mtoto anayevalishwa kola ya shule.

Alhamisi saa nne tulianza na viti. Inspekta Élisée aliugusa kila mguu kwa fimbo. Viti tisa, nimeona. Meza tatu, nimeona. Mstari wa nane: kanuni ya ulinzi, moja, hali nzuri. Papa Aristide aliipokea bila kuifungua, akasaini. Mstari wa kumi na tisa: kalamu, haiandiki. Inspekta aliijaribu kwenye kiganja, akaridhika. Tukafika mstari wa ishirini na mbili.

"Mbwa-mwitu, kumi na wane," alisoma.

Papa Aristide akatabasamu. "Papa Inspekta, jua limekuwa kali. Mimi na Papa Valère tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Namuamini. Tusaini tu hapa."

Akamkonyeza mwenzake. Ndipo Papa Valère alipoelewa. Aristide hakutaka kuwaona wale kumi na wawili hata kidogo. Aliutafuta ukurugenzi kwa ajili yao, kwa sababu walikuwa mbwa-mwitu wasiokula. Kumbe mbwa wangeweza kubaki nyumbani.

"Kweli," Papa Valère alidakia. "Siye tunaaminiana."

Inspekta akanigeukia. "Na wewe, Mama, unaamini?"

"Mimi ni biro ya kumbukumbu, Papa Inspekta. Siamini. Naweka."

"Mimi nasaini kile jicho limeona," alisema, akachukua fimbo.

Bomani Pepa alikuwa ndani ya shimo lake. Yalionekana masikio mawili na tumbo lililovimba. Bendera alisimama mbele ya mdomo wa shimo, amekonda, hakusogea.

"Moja, mbili. Nimeona. Hali?"

"Njaa," alisema Germain.

Inspekta akaandika: njaa. Papa Aristide alikuwa ameshatengeneza uso wa mtu atakayeshangaa kidogo, kisha kusamehe, kisha kusaini. Tukavuka njia. Germain akafungua mlango wa boma la swala.

Uso ule ulikaa mahali pake, lakini mtu aliyekuwa nyuma yake aliondoka.

"Hizi zimetoka wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye ripoti zenu, Papa."

Kapita alipomwona bwana wake, alipiga mkia kwenye wavu mpaka vumbi likapanda. Inspekta akamtazama Papa Valère.

"Hii inakujua?"

"Niliwalea kwa upendo," alisema Papa Valère, na hapo alikuwa hasemi uongo.

Namba saba akakaa na kumpa Inspekta mkono. Inspekta aliupokea, akaandika: mwenye adabu. Kisha namba tisa akabweka. Penseli ikasimama.

"Mbwa-mwitu anabweka?"

"Amezaliwa huku, Papa Inspekta," alisema Germain. "Alikuta majirani wanabweka."

"Nilisoma kwamba wanalia. Hawabweki."

Papa Valère alitazama viatu vyake. Papa Aristide alianza kupata matumaini. Nilimwona akipanua kifua kama mtu anayekaribia kusema ukweli. Na hapo, kule stesheni, treni ya mizigo iliyokuwa inasubiriwa tangu Jumatatu ikaingia na kupiga honi.

Bendera akajibu. Sijui kuieleza sauti ile. Ilianzia chini, ikapanda polepole, ikakaa juu mahali ambapo mwingine angekatikiwa na pumzi, na muuza mihogo aliyekuwa nje ya ukuta akaacha kunadi. Mbele yetu mbwa wote walinyamaza. Namba tatu akainua pua. Kisha wa nne, wa tano, mpaka wote kumi na wawili wakawa wanalia kila mmoja kwa uwezo wake; namba kumi na moja alikohoa katikati, akaendelea. Germain alisimama wima. Inspekta akavua kofia.

"Sasa nimesikia pia," alisema. Akaandika: kumi na wane, wote wameonekana. "Papa Direkta mpya, unapokea?"

Papa Aristide aliwatazama mbwa. Alimjua kila mmoja kwa jina. Alikula shingo karibu nao kwa miaka mitatu. Alikumbuka pia, nadhani, kwamba jina lake liko chini ya kila ripoti ya uzazi. Alipokea. Papa Valère akasaini, mimi nikasaini, na muhuri ukapigwa.

Saa kumi na moja jioni Papa Valère alifika getini na kamba tatu.

"Germain, fungua. Nachukua mbwa yangu."

"Mbwa gani, Papa?"

"Kapita. Na ndugu zake."

"Huku hakuna mbwa, Papa. Kuko mbwa-mwitu tu. Wewe mwenyewe umesaini."

Aliniita. Nilikuja na kanuni, nikamsomea kifungu cha kumi na moja, ambacho alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza.

"Mama Clémence, unajua vizuri kama ile ni mbwa."

"Najua, Papa. Ukipenda, tumwandikie Inspekta. Useme ulimkabidhi mbwa, halafu ueleze wale kumi na wawili wako wapi, na kilo zao tatu za kila siku zilikwenda wapi. Nitaipiga chapa leo leo."

Alishika kamba, akaiachia. Ndani Kapita alikuwa anakwaruza mlango.

"Analala kwa kitanda," alisema mwishoni. "Hajazoea chini."

Nilimhakikishia kwamba litazingatiwa, na nikaandika kwenye faili: namba tatu, amezoea kitanda. Wale wajumbe wengine watatu walikuja usiku ulipoingia, wakaonyeshwa karatasi ile ile, wakarudi na kamba zao.

Ijumaa asubuhi gari la nyama halikukata kona kwenda kwa Mkurugenzi. Lilinyooka mpaka bomani na kushusha kilo arobaini na mbili, zote, na Germain akaweka saini, ulimi nje, kwa herufi kubwa. Nyumbani kwa Papa Aristide vitunguu vilikuwa vimekatwa tangu alfajiri. Saa tatu alikuwa mbele ya meza yangu.

"Nyama iko wapi?"

"Bomani, Papa Direkta. Idadi imehakikishwa. Kifungu cha tisa."

"Hiyo kanuni nani aliileta?"

"Uliipokea jana. Mstari wa nane. Hali nzuri."

Akavuta pumzi. "Na kamati?"

"Kamati ipo, Papa. Inaweza kuonja bomani, nyama mbichi, pamoja na wanyama."

Kamati haijakutana tangu siku hiyo, kwa kukosa wajumbe. Papa Aristide angeweza kutangaza kwamba wale kumi na wawili ni mbwa, na nyama yao ikatwe. Lakini hapo angekuwa amepokea mbwa kwa jina la mbwa-mwitu, kwa macho yake, mbele ya Inspekta Élisée. Kwa hiyo analinda. Hakuna mkurugenzi aliyewahi kulinda namna hiyo. Kila jioni anapita bomani na kuwahesabu kumi na wanne, na akikosa mmoja anarudia.

Siku ile ya kwanza nilikwenda kuona. Germain aliweka paja zima mbele ya shimo la Pepa, akajitenga. Pepa alitoka, akanusa, akatazama pande zote kama mwanamke anayepewa kitanda hospitali bila kuombwa kitu. Kisha akala. Bendera alisimama pembeni kama kawaida yake. Germain akamtupia paja la pili. Bendera alilitazama muda mrefu, hakuligusa mpaka Pepa alipojilamba mdomo na kurudi ndani.

"Kula, Papa," Germain alimwambia. "Imebaki."

Wiki ya nne baada ya hapo aliingia biro yangu bila kubisha hodi.

"Mama Chef, wane. Wote wananyonya."

Namba kumi na tano mpaka kumi na nane. Inspekta alikuja, aliwaona kutoka mbali, fimbo nyuma ya mgongo. Kule Jimboni walituma barua ya pongezi kwa Papa Aristide kwa kasi ya ongezeko, na kuongeza kilo kumi na mbili. Zinashushwa bomani.

Papa Valère bado anangoja majukumu mengine. Kila Jumapili baada ya misa anapanga foleni getini na watoto wa mtaa, na anasimama mbele ya boma la swala mpaka tunapofunga. Kapita anampa mkono kupitia wavu. Kwa kuwa Kapita amezoea chakula cha nyumbani, Papa Valère anamletea bakuli la nyama iliyokaangwa, lenye kitunguu, limefunikwa kwa kitambaa safi.

Lakini huwezi kumpa mnyama anayelindwa chakula usichokijua. Germain anapokea bakuli, anaketi kwenye kigoda, anachagua kipande kizuri, na anatafuna taratibu akiangalia juu. Ameanza kupata shavu.

"Ukaguzi, Papa," anasema. "Hautachukua muda."

Papa Valère anangoja, mikono nyuma. Jumapili iliyopita aliambiwa chumvi imepungua.